Mtunzi-mwimbaji

Mtunzi-mwimbaji ni msanii anayeimba nyimbo alizozitunga mwenyewe, maneno na mahadhi. Uzito wa istilahi hii umo katika nusu yake ya kwanza. Kutunga ni kitenzi kile kile cha kutunga ushanga: uzi hupita punje baada ya punje mpaka zote zishikamane. Hakitaji kalamu wala karatasi. Kwa hiyo "mwandishi wa nyimbo", linalosikika sana siku hizi katika studio za Dar es Salaam, ni jina pungufu, kwani nyimbo nyingi za Afrika Mashariki zilitungwa kichwani na kukomaa mazoezini bila kuandikwa popote.

Katika muziki wa dansi kazi hizi mbili aghalabu ziligawanywa. Mwanamuziki mmoja alileta wimbo, bendi ikaupanga, na mwenye sauti iliyoufaa akapewa aimbe. Ramazani Mtoro Ongala, maarufu kama Dk. Remmy, hakugawanyika hivyo. Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza bendi ya Super Matimila. Aliishi Sinza, wakati huo ndani ya Wilaya ya Kinondoni na leo Ubungo, ambako kituo cha daladala kingali kinaitwa Sinza kwa Remmy.

Mtindo wake aliuita "ubongo", kwa sababu alitaka wanaocheza wafikiri pia. "Kifo" na "Mnyonge Hana Haki" ni hoja zilizovikwa gitaa. "Mambo kwa Soksi", uliohimiza kondomu katika miaka ya mwanzo ya hofu ya UKIMWI, haukupigwa Radio Tanzania, lakini watu waliujua. Wimbo kama huo ulihitaji mtu aliye tayari kusimama jukwaani na kuyabeba maneno yake mwenyewe. Mwaka 1988 alitumbuiza Ulaya katika matamasha ya WOMAD, na kampuni ya Real World ikatoa albamu zake mwaka 1989 na 1992. Msikilizaji wa huko asiyejua Kiswahili alimpata mwimbaji papo hapo. Mtunzi alihitaji mkalimani.

Kiswahili kina majina ya zamani yanayokaribia dhana hii. Malenga ni bingwa wa ushairi. Manju yuko karibu zaidi: ndiye atungaye nyimbo za ngoma na kuziongoza, huku wengine wakiitikia. Remmy alikuwa na umanju mwingi, hasa alipoacha kuimba akazungumza na hadhira katikati ya wimbo. Hata hivyo, manju bila ngoma na waitikiaji si manju, ilhali istilahi inayotafutwa lazima imfae pia anayeimba peke yake na gitaa.

Kistari nacho kina kazi. "Mwimbaji na mtunzi" aweza kuwa mtu aimbaye nyimbo za wengine na kuwatungia wengine. Kistari huzifunga kazi zote mbili katika wimbo mmoja. Wingi wa istilahi hii ni watunzi-waimbaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 huzitazama kazi hizo mbili mbali mbali: utunzi una hakimiliki, uimbaji una hakishiriki. Mtunzi-mwimbaji huanza akiwa nazo zote, na wimbo wake ukiimbwa upya na mwingine, hakimiliki ya utunzi haihamii kwa mwimbaji huyo.