Ulimi Uliofungwa: Funzo la Kale kwa Mwalimu wa Koboko

Katika karne ya 1 B.K., Celsus wa Roma alieleza jinsi ya kukata utando unaoufunga ulimi chini. Aliongeza kwamba alimjua mtu aliyekatwa, ulimi ukapita meno, lakini bado hakuweza kusema.

Koboko, Kiswahili kilienezwa zaidi na askari kuliko wazazi. Kwa hiyo mwanafunzi akitamka “lafiki”, lawama huangukia Kikakwa, ilhali Kikakwa kina /r/ na /l/. Kwanza mwalimu amwambie auinue ulimi. Ncha ikishindwa kufikia meno ya juu, au ikifanya umbo la moyo, apelekwe hospitali. Asikatwe nyumbani kwa wembe. Na akishapasuliwa, kama Celsus alivyoona, kukata pekee huenda kusitoshe: mazoezi ya matamshi yafuate.