Kisukari na vijishipa vya damu vilivyo nyuma ya jicho

Mzee akianza kulalamika kwamba haoni vizuri, jawabu la nyumbani huwa moja: ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hana haraka. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa mwenye kisukari liko tatizo jingine, nyuma kabisa ya jicho, ambalo huwezi kulijua kwa kumtazama mtu usoni, na hilo halingoji. Madaktari huliita retinopathi ya kisukari. Ni ugonjwa wa mishipa midogo ya damu inayolisha retina, na mtu anaweza kukaa nao miaka mingi huku akisoma na kutunga uzi kwenye sindano kama kawaida.

Retina ni utando mwembamba, hata nusu milimita haufiki, uliotandazwa kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Mwangaza ukishapita kwenye mboni na lenzi huangukia hapo, nao utando huo huugeuza kuwa ishara zinazokwenda kwenye ubongo. Katikati yake pana sehemu ndogo iitwayo makula (siyo makula ya mezani), ambayo ndiyo tunayotumia kusoma, kuhesabu pesa na kutambua sura za watu. Kazi hii inahitaji oksijeni nyingi sana, na sehemu yake huletwa na kapilari, vijishipa vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita kwa foleni, moja baada ya nyingine.

Ukuta wa kapilari una seli za ndani zilizobanana ili damu isivuje. Nje yake pana seli nyingine, perisiti, zinazoukumbatia mshipa na kuutia nguvu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, perisiti huwa miongoni mwa seli za mwanzo kufa. Mahali palipobaki bila mshikizi hutuna, mfano wa tairi kuukuu la baiskeli ambalo mpira wake wa ndani hutokeza penye ufa. Daktari akichungulia huviona vivimbe hivyo kama vitone vyekundu vidogo mno. Mwenyewe hahisi kitu, wala jicho haliumi.

Kutoka hapo mambo huharibika kwa njia mbili, na mara nyingi zote huenda pamoja.

Ya kwanza ni kuvuja. Maji, mafuta na protini hupenya nje ya mshipa. Maji hufyonzwa kidogo kidogo, mafuta hubaki kama alama za manjano. Yakivujia kwenye makula, makula huvimba, na hapo ndipo mtu huanza kuona ukungu katikati, au fremu ya mlango iliyonyooka aione imepinda. Uvimbe huu ni miongoni mwa sababu kubwa za wenye kisukari kupungukiwa na uwezo wa kuona, na unaweza kutokea hata ugonjwa ukiwa haujafika mbali.

Ya pili ni kuziba. Kapilari hujifunga na kufa, na sehemu ya retina iliyokuwa ikizitegemea hukaa na njaa ya oksijeni. Hutokea madoa meupe kama vipande vya pamba, na mishipa mikubwa ya kurudisha damu hubana na kutuna, kubana na kutuna, ikawa kama tasbihi. Retina yenye njaa haikai kimya. Hutoa kemikali, VEGF, ambayo huchochea mishipa mipya ya damu ichipue. Mahali pengine mwilini jambo hilo ni la manufaa, kwani kidonda huhitaji mishipa mipya ili kipone. Ndani ya jicho ni balaa. Mishipa hiyo ni dhaifu na huota pasipo mahali pake, juu ya retina na kuingia kwenye ute mzito unaolijaza jicho. Ikipasuka, mtu huona ghafla nyuzi nyeusi zinazoelea, au moshi, au pazia limeshuka. Baadaye hufanyika makovu, na kovu likijikunja huivuta retina mpaka ikabanduka. Mishipa hiyo ikiota mbele ya jicho huziba njia ya maji, na presha ya jicho hupanda kwa maumivu makali.

Kisukari si peke yake. Presha ya damu ikiwa juu nayo hubana na kupasua mishipa hiyo hiyo, na aliye na vyote viwili jicho lake lina mzigo maradufu. Sikoseli, ambayo sisi wa Pwani tunaijua vizuri, huziba kapilari za pembezoni mwa retina kwa chembe za damu zilizopinda. Kijana mwenye sikoseli naye anafaa kuangaliwa macho.

Kipimo chenyewe si kigumu. Mjerumani Hermann von Helmholtz alitengeneza chombo cha kuchungulia retina mwaka 1851, na wazo lake ndilo linalotumika hadi leo, ingawa sasa kuna kamera. Utatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa hutaona vizuri karibu, kwa hiyo nenda na mtu na usijiendeshe pikipiki kurudi. Kusoma herufi ukutani kwenye duka la miwani si kipimo cha retina, hata kama umezisoma zote. Mwenye kisukari cha aina ya pili afanyiwe kipimo siku zile zile anapogunduliwa, kwa sababu huenda sukari imekaa mwilini miaka kadhaa bila kujulikana. Wa aina ya kwanza afanyiwe ndani ya miaka mitano. Baada ya hapo ni kila mwaka, au mapema zaidi daktari akisema. Mama aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba aangaliwe mapema, kwani mimba inaweza kuuharakisha ugonjwa huu.

Faida ya kudhibiti sukari imepimwa. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa 1993, wa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kwa walioanza bila ugonjwa wa retina, udhibiti mkali ulipunguza hatari ya kuupata kwa asilimia 76. Sukari ikishushwa kwa haraka, macho ya baadhi ya watu huharibika kidogo mwanzoni kabla ya kutengemaa. Hiyo ni sababu ya kupimwa, siyo ya kuacha dawa.

Ugonjwa ukishapea, kuna leza. Tangu 1976 imejulikana kwamba leza hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza kabisa uwezo wa kuona mishipa mipya ikishaota. Huunguza kwa makusudi vidoa vidogo vya retina ya pembezoni, ile yenye njaa, ili iache kutoa VEGF, na gharama yake huwa ni kupungua kidogo kwa kuona usiku na pembeni. Kuna pia sindano za ndani ya jicho za kuizuia VEGF, mojawapo bevacizumab, iliyoanza kama dawa ya saratani. Jicho hutiwa ganzi kwanza. Sindano moja haitoshi: mwanzoni huwa kila mwezi, na wengi huziacha baada ya mbili kwa sababu ya nauli na gharama, jicho likarudi lilikokuwa. Damu ikikataa kuondoka, au retina ikivutwa, kuna upasuaji.

Utasikia barazani kwamba fulani alipigwa leza akapofuka. Wengi wa hao walifika mishipa ikiwa imeshapasuka, na leza haikuwahi kuahidi kurudisha kilichokwenda. Kazi yake ni kulinda kilichobaki.

Kwa mwenye kisukari, nyuzi nyeusi au pazia lililoshuka ghafla ni jambo la kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni wiki ijayo.