Ramani ya Singida Imechorwa na Kiu: Stori ya Watu Ambao Majina Yao Hayapo

Ukipanda basi la Dar kwenda Mwanza, Singida unaipita ukiwa hoi. Unanunua kuku wa kienyeji, unapiga picha ya yale mawe makubwa, unatupia status, safari inaendelea. Kwenye simu kile kidoti cha bluu kinatembea juu ya eneo ambalo kwa macho ya haraka halina kitu.

Sasa hiyo "halina kitu" ndiyo stori yenyewe. Kwa zaidi ya miaka 160 watu wamekuwa wakichora ramani ya eneo hili, na jibu ni lile lile: ramani ya Singida ni ramani ya maji. Ukijua maji yako wapi, umejua watu wako wapi. Ila wanaojua maji yako wapi, majina yao hayaandikwi.

Kabla ya GPS kulikuwa na wapagazi

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walitoka pwani kulitafuta Ziwa Tanganyika. Baada ya Ugogo wakaingia pori ambalo misafara ililiita Mgunda Mkali. Leo sehemu kubwa ya pori hilo ni upande wa Manyoni na Itigi. Jina lenyewe linatosha. Vichaka, jua, na ukikosea hesabu ya maji, mzigo unabaki porini na wewe unabaki nao.

Wazungu walikuwa na vifaa vya kupima latitudo. Lakini hakuna kifaa hata kimoja kilichoweza kuwaambia maji ya kesho yako wapi. Waliojua ni wapagazi na viongozi wa misafara, watu walioikanyaga njia ile mara nyingi wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Vituo kama Jiwe la Mkoa walikuwa navyo kichwani. Na humo humo ndani ya pori "lisilo na kitu" Wakimbu walishafyeka na kuweka makazi yao.

Kitabu cha safari hiyo kilitoka London mwaka 1860. Kwenye jalada kuna jina moja tu, la Burton.

Mzee wa doti

Ruka hadi enzi za Tanganyika. Kulikuwa na mhandisi wa reli anaitwa Clement Gillman, aliyefika nchini mwaka 1905 wakati Wajerumani wanaanza kujenga reli ya kati, hii hii inayopita Manyoni na Itigi. Jamaa alizunguka nchi kwa miaka mingi, na mwaka 1936 akachapisha ramani ya watu wa Tanganyika. Ilikuwa ya doti. Penye watu wengi doti zinabanana, pasipo na watu panabaki peupe.

Weupe ulikuwa mwingi sana. Gillman hakusema watu ni wavivu au ardhi ni mbaya. Aliweka doti za watu upande mmoja, habari za maji upande mwingine, akaona vinafuatana: watu wamekusanyika kwenye maji ya kudumu. Mbung'o nao walichangia kuwafukuza watu kwenye mapori.

Kuweka taarifa moja juu ya nyingine na kuangalia zinagongana wapi, hiyo ndiyo kazi nzima ya programu za ramani za leo. Mzee alifanya kwa kalamu.

Kompyuta inaingia

Miaka ya 1960, huko Canada, Roger Tomlinson alianzisha mfumo wa kompyuta wa kufanya hivyo hivyo. Misitu tabaka moja, udongo tabaka lingine, mashamba lingine, halafu mashine inayapanga kama vitenge vilivyokunjwa na kukuonyesha kinachokutana. Kwa muda mrefu vitu hivi vilikuwa vya serikali na makampuni yenye hela. Mwaka 2002 mtu mmoja wa Alaska, Gary Sherman, akaanza kuandika programu ambayo leo inaitwa QGIS. Ni ya bure. Mwanafunzi mwenye laptop ya mtumba na bando anaipakua kama wewe unavyopakua wimbo.

Na hapo ndipo Singida inarudi kwenye stori. Katikati ya miaka ya 2000 shirika la WaterAid, lililokuwa likifanya kazi Dodoma, Singida na Tabora, lilianza kupima vituo vya kuchotea maji kijiji kwa kijiji. Kazi ilikuwa rahisi kuielezea na ngumu kuifanya: fika kwenye pampu, soma GPS, andika ilijengwa mwaka gani, nani alitoa hela, na swali kubwa kuliko yote, inatoa maji au haitoi?

Baadaye serikali ikafanya hivyo nchi nzima. Kwenye sehemu ya data hiyo iliyowekwa wazi mtandaoni kuna vituo 59,400, na zaidi ya 2,000 ni vya Singida. Matokeo yake? Kitaifa, vilivyokuwa vinafanya kazi vizuri ni kama asilimia 54. Asilimia 7 vilihitaji matengenezo. Asilimia 38 vilikuwa vimekufa.

Hesabu inayouma

Sera ya maji ya mwaka 2002 ilisema mtu wa kijijini apate maji ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Chukua kijiji cha mfano chenye watu 2,500 na vituo 10. Kwenye karatasi kila mtu yuko poa. Mtu wa ramani anazungushia kila kituo duara la mita 400, kijiji kizima kinafunikwa.

Halafu anabofya mara moja tu: ondoa vilivyokufa. Tuseme ni vinne. Maduara manne yanapotea, na kila kituo kilichobaki kina watu zaidi ya 400. Ongeza tabaka la madini ya floridi, maana Singida ni kati ya mikoa ambayo maji yake ya chini yana tatizo hilo, na inabidi ujiulize tena ni maduara mangapi yaliyobaki yanafaa kunywewa. Ile nafasi nyeupe iliyotokea ni binti mwenye ndoo ambaye atachelewa shule kesho.

Lakini usiiamini mashine kama dini. Kwenye data ile ile kuna vituo zaidi ya 1,800 vya Mwanza na Shinyanga ambavyo GPS yake imeandikwa sifuri. Ukivifungua kwenye ramani vyote vinaangukia baharini, Ghuba ya Guinea, Afrika Magharibi! Kompyuta haikushtuka wala haikucheka. Anayejua kwamba pampu ya Shinyanga haiwezi kuwa baharini ni binadamu.

Nyumba za tembe nazo zina mtihani wake. Paa lake ni bapa na la udongo, kwa hiyo kwenye picha ya satelaiti linafanana na ardhi iliyolizunguka. Mtu aliyekaa Ulaya anachora nyumba kwa kuangalia picha, analiruka, na familia nzima inakuwa "haina kitu" kama zamani. Inahitaji mtu wa pale pale aseme hapana, hapo pana watu, na kijiji kinaitwa hivi.

Mpagazi wa 1857 alijua maji yako wapi, jina lake halikuandikwa. Mama aliyemwambia mpimaji "hii pampu imekufa tangu mwaka juzi" naye hayumo. Kwenye jedwali kuna safu ya aliyetoa hela na safu ya aliyejenga. Safu ya aliyesema ukweli haipo, wakati bila yeye doti ile ingeendelea kuonekana nzima huku watu wanakufa kiu.

Haya, pampu ya kijijini kwenu inatoa maji, au inatoa kwenye ramani tu?