Mgongo wa Wakata Boriti: Tiba ya Maumivu katika Delta ya Rufiji

Maumivu ya mgongo katika delta ya Rufiji yana historia moja na ile ya boriti. Kwa karne nyingi mikoko ya Salale na Simba Uranga ilikatwa kwa shoka, ikabebwa begani kwenye tope hadi mitumbwini, kisha ikapakiwa majahazini kwenda Unguja, Lamu, Arabuni na Ghuba. Mti wa mkoko ukiwa mbichi huzama majini, na biashara yake ilihesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alifika deltani na jahazi la Kuwait lililokuja kupakia boriti, na masimulizi yake yanaonyesha mabaharia wakihangaika topeni kama wenyeji. Waliosalia mashambani hawakuwa na nafuu: kupanda na kupalilia mpunga kwa jembe la mkono ni kazi ya kuinama tangu asubuhi.

Katika uganga wa pwani, maumivu hayo hayakuwa ugonjwa mmoja. Mganga aliuliza kwanza yanaanzia wapi, yanashuka mguuni au la, na mgonjwa ni mwanamume au mwanamke. Kiuno cha mwanamke kikiuma pamoja na tumbo la chini, lilitajwa chango, na dawa ikawa mizizi ya kuchemsha. Kwa mwanamume ilitajwa ngiri. Viungo vilivyokakamaa wakati wa mvua vilihesabiwa kuwa na baridi yabisi, kwa mujibu wa elimu ya tabia za mwili iliyofika pwani pamoja na vitabu vya tiba vya Waarabu, hivyo vilihitaji joto: kukandwa kwa maji ya moto, kuchuliwa kwa mafuta ya nazi au ya mbono, au kujifukiza kwa nyungu. Palipokosekana sababu, ramli ilipigwa na jini au mtu mwenye husuda akatajwa. Ukiacha ramli, mgawanyo huo ulikuwa na busara zaidi kuliko ulivyodhaniwa na madaktari wa kikoloni, maana kiuno huweza kweli kuuma kwa sababu ya kizazi, figo au njia ya mkojo.

Tiba iliyoheshimiwa sana ni kuumika. Mwumikaji huchanja chale ndogo mahali panapouma, huweka chuku, yaani pembe ya ng'ombe yenye tundu nchani, hufyonza hewa kwa mdomo, kisha huziba tundu kwa nta. Damu inayotoka huitwa damu mbaya. Waislamu, ambao ndio wengi deltani, wanaifahamu pia kama hijama, na kwa sababu hiyo haikuhitaji utetezi wowote mbele ya mashehe. Mgonjwa alipata nafuu ya siku chache, akarudi kwenye boriti zilezile.

Utawala wa Wajerumani uliiweka mikoko chini ya sheria mwaka 1898, lakini migongo haikupunguziwa mzigo. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya vita vya Maji Maji, alinyongwa Mohoro, na tangu hapo serikali ilimtazama mganga kama hatari ya kisiasa kuliko kama tabibu. Miaka kumi baadaye manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilizamishwa deltani, Julai 1915, na migongo ikapata mzigo mwingine. Mizinga yake 10 ikaopolewa na kuburutwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam.

Huko Ulaya na Marekani utambuzi ulikuwa ukibadilika. Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na mwaka 1934 Mixter na Barr wa Boston walieleza jinsi diski ya uti wa mgongo inavyochomoza na kubana neva. Maarifa hayo yalichelewa kufika Rufiji kwa sababu ya njia zaidi ya kitu kingine chochote. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka mto kwa pantoni pale Ndundu, na wakazi wa visiwani hadi leo hutegemea boti. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, iko Dar es Salaam. Tiba asili nayo ilipata sheria yake mwaka 2002.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu, mazoezi, kuchua na dawa za kutuliza uvimbe, na haupendekezi mikanda ya kiuno wala dawa za jamii ya afyuni. Mganga aliyekuwa akichua kwa mafuta ya nazi hakuwa mbali na mapendekezo hayo. Pengo la tiba ya zamani lilikuwa kwingine, katika wagonjwa wachache wenye dalili za hatari: homa na kukonda, ambavyo huweza kuashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaoacha kibiongo; miguu kuishiwa nguvu; mkojo kuziba au kutoka bila hiari; au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka kutoka kwenye mnazi. Hao ndio ambao daktari wa wilaya ya Kibiti, iliko delta, hapaswi kuwachelewesha kupelekwa Muhimbili. Wengine wote, ambao ni wengi mno, hawahitaji picha yoyote: huchunguzwa kwa mkono, huinuliwa mguu ulionyooka kuona kama neva imebanwa, na huambiwa waendelee kutembea badala ya kulala kitandani.