Sheria Ilivyoingia Nyumbani: Uganda, 1950 hadi 2010

Kwa muda mrefu nchini Uganda, mtu mzima aliyeshikwashikwa au kupigwa na ndugu yake aliweza kwenda polisi au kwenda kwa wazee wa ukoo. Sheria ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1950 chini ya Waingereza, ilihesabu shambulio kuwa kosa, awe mtendaji ni mgeni au mjomba. Lakini iliadhibu lililokwisha kutendeka. Mtu asiyetaka mjomba wake afungwe, bali aache tu, hakupata msaada humo. Wazee nao walitanguliza amani ya ukoo.

Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 ilileta mabadiliko mawili. Kwanza, haikuishia kwa wanandoa. Iliwataja pia ndugu wa damu na wakwe. Pili, ilimpa mlalamikaji ngazi za kupanda. Mahakama ya LC kijijini inaweza kutoa onyo, au kuamuru mkosaji aombe radhi, alipe fidia au faini. Hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi, inayomkataza ndugu huyo kurudia kitendo chake kabla madhara hayajawa makubwa.

Ugumu umebaki kwenye ngazi ya kwanza, kwani mwenyekiti wa LC anaweza kuwa wa ukoo ule ule. Hapo ndipo mlalamikaji anapohitaji kujua kwamba mlango wa polisi na wa hakimu uko wazi kwake pia.