Sato ya Msosi Kanairo: Ule Nini na Ununue Nini, Kutoka Islii Hadi Parklands

Kama mpango wako wa wikendi ni chips kuku na kushinda kwa simu, tuliza boli kidogo. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, kwenye malisho ya Wamaasai, na tangu hapo kila watu wanaokuja mji huu huja na sufuria yao. Ukitembea na kula vizuri Sato moja tu, utajua nani alikuja Nai, na nini kilimleta.

Mzunguko wetu unaanza Islii asubuhi, unapita Kariokor na Biashara Street, unaishia Parklands jioni. Beba noti ndogo ndogo na uende na mbogi ya watu watatu au wanne, juu sahani nyingi ni za kula pamoja.

Islii: anjera na madera

Panda mathree namba 6 au 9 kutoka tao. Fika mapema, kabla barabara hazijajaa. Kiamsha kinywa cha Wasomali ni anjera, laini na yenye mizunguko kama alama ya kidole. Inaliwa na maini ama suqaar, nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa. Chai inakuja na iliki, mdalasini na sukari haijapimwa.

Ukikaa hadi lunch, itisha wali wa nyama ya mbuzi ama ya ngamia. Utaletewa ndizi mbivu kando. Usiiweke iwe ya mwisho. Unaila pamoja na wali. Tambi nazo zinaitwa baasto, na ziko hapo juu Italia iliwahi kutawala kusini mwa Somalia. Ukishindwa kuchagua, sema "federation", upate wali na tambi kwa sahani moja.

Kwa maduka, tafuta madera, udi, manukato ya mafuta na halwa. Bei ya kwanza ni salamu tu, so patana. Biashara hii ilishika moto baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991. Wakimbizi waliofika walianza kuuza nguo ndani ya vyumba vya Garissa Lodge: mchana duka, usiku mahali pa kulala. Leo ni mall ikiangalia mall.

Lakini wasee wengi wa Nai wanaijua Islii kwa habari za saa moja tu. Aprili 2014, kwenye msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu walibebwa na makarao, na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Kati yao kulikuwa na Wakenya kamili. Mpaka leo ukisema unaenda Islii, mtu atakuuliza kama huogopi. Ni soko, buda. Chunga simu yako vile unaichunga Gikomba, na usipige watu picha bila kuwauliza.

Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa swala. Mwezi wa Ramadhani, hoteli nyingi hulala mchana na kuamka jua likizama.

Buna: kahawa ya raundi tatu

Bado uko Islii, ingia kwa Waethiopia. Anjera yao ni kubwa zaidi, ina uchachu, na ile ya kienyeji hasa ni ya nafaka ya teff. Inatandazwa kwa sinia, mboga na nyama zinamwagwa juu, na hakuna kijiko. Mwenyeji akikutilia tonge mdomoni, usishtuke. Inaitwa gursha, na ni heshima.

Kahawa yao inaitwa buna. Pahali inatengenezwa kwa mila, inakaangwa ukiona, inachemshwa kwa chungu cha jebena, halafu inamiminwa mara tatu: abol, tona na baraka. Ya tatu jina lake unalielewa bila mkalimani. Usihepe kabla haijafika.

Kariokor: vyondo na akala

Ukirudi upande wa tao, shuka Kariokor. Hapa kuna vyondo, shanga, mikoba ya ngozi na akala, viatu vya tairi ambavyo vinaweza kukuzika. Nyama choma iko hapo hapo, na ugali na kachumbari.

Jina limetoka kwa Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na magonjwa na njaa.

Biashara Street: leso na kikoi

Zamani iliitwa Indian Bazaar. Fika mapema, juu Sato maduka mengi ya tao hayangoji jioni. Leso zinauzwa jozi, na kila moja ina maneno. Yasome kwanza. Kuna leso za shukrani na kuna za kumsuta jirani, na hutaki kumpelekea mathe ile ya pili.

Parklands: bhajia hadi tambuu

Malizia Diamond Plaza. Ukiingia tu, mawaita watakuzunguka na menyu kama makanga wa steji. Tabasamu, kaa chini, halafu ndio uchague. Jaribu bhajia za viazi na chatini ya ukwaju, masala chips, na juisi ya miwa. Kama huli nyama, hapa ndio kwenu: Wagujarati wengi hawaigusi. Baadaye tafuna tambuu tamu.

Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli. Wengi walirudi kwao, maelfu kadhaa wakabaki, na wafanyabiashara wakaendelea kuja. Gava iliwatambua Wahindi wa Kenya kama kabila la 44 Julai 2017. Chapo ilikuwa imeshapata uraia kitambo.

Kabla hujatoka

Uliza bei kabla ya kuitisha, kula na mkono wa kulia, na agiza nusu ya vile macho yanataka, juu vituo ni vingi. Na kama Jumapili bado una nafasi, tafuta ngege wet fry, ugali wa mtama na osuga kwa hoteli za Waluo hapo tao. Hiyo nayo ni safari yake.