Chokaa na maneno ya ukutani

Hapa kwetu Lubumbashi, mwenye kuuza nyumba anaanza na chokaa. Anafagia lupango, anaziba nyufa, anapaka kuta, kisha komisionere analeta wanunuzi. Lakini ukuta mwingine umeandikwa kwa herufi kubwa: «Nyumba hii haiuzwi». Hapo jamaa wanaharibu sura ya nyumba kusudi, mnunuzi akimbie.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali. Mtu anapata haki ya kuutumia, nayo inahakikishwa na sertifika. Kwa wazee wetu, udongo ulikuwa wa ukoo. Basi baba akifa, baba mudogo anajiona ndiye mwenye nyumba, anaita wanunuzi mjane angali ndani. Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987 inawaweka watoto mbele mu urithi, na inamwachia mjane haki ya kukaa mu nyumba waliyoishi pamoja. Lakini avoka anaomba feza nyingi, burashi na rangi ni bei kidogo.

Ndiyo maana mimi chokaa mbichi inanitia mashaka. Pengine jana palikuwa na maneno chini yake. Mnunuzi mwenye akili anauliza kwanza majirani, halafu watoto wa marehemu, ndipo anaomba kuona sertifika.